Kichwa cha gia cha skrubu tatu: elfu kumi na tano nilizozitupa

Niseme mapema ili mwenye haraka aondoke na jibu lake. Hivi vichwa vya gia (kile kishikio cha juu ya mkono wa gia) vya kung'aa, vinavyouzwa na kimfuko cha vibushi, yaani vijibomba vya plastiki, na viskrubu vitatu pembeni, eti vinaingia gari lolote, msinunue. Nyota moja, na hiyo ni ya boksi, maana boksi ni zuri kweli. Fundi aliyenitolea kichwa cha zamani nampa tano, na ningempa sita kama asingeniambia "utarudi" mbele za watu.

Gari ni Toyota Starlet, EP91 ya mwaka 1997, gia tano za mkono. Niliinunua kwa mjomba wangu klachi ilipoanza kumuumiza goti. Injini haina neno. Bodi ina kutu ya umri wake. Kasheshe ilikuwa kichwa cha gia. Mpira wake ulishaoza kwa jua, ukawa unanata kama bigijii iliyosahaulika kwenye dashibodi, na kila ukiingiza gia tatu kiganja kinatoka cheusi. Nilivumilia miezi kadhaa. Siku niliyoshuka kwenda swala ya Ijumaa nikiwa na vidole vinne vyeusi vimechorwa pajani kwenye kanzu nyeupe, nikasema leo kinatoka.

Hakikutoka.

Kwa kawaida kichwa cha gia cha Toyota ya mkono hakina siri. Kimefungwa kwa thredi kama kizibo cha chupa, unazungusha kinyume cha saa kinaachia. (Wenye BMW, chenu ni cha kuvuta juu, na vuteni mkiwa mmekwepesha uso.) Changu nilikizungusha mpaka mkono mzima wa gia ukaanza kugeuka nacho, nikaogopa. Nikajaribu na kitambaa. Nikajaribu na glavu za jikoni za mke wangu, akaja kuzitafuta zikiwa nyeusi, hilo tuliache. Nikakimiminia mafuta ya kulegeza kutu, nikalala. Asubuhi kilikuwa kilekile ila kinanuka.

Gereji ya kwanza siitaji. Iko barabara kubwa, ina bango zuri na viti vya kusubiria. Vijana wawili walikuja na spana ya bomba, ile ya meno, na kabla sijasema neno mmoja ameshang'ata. Mpira wote ukachunika kama ganda la ndizi. Ukabaki moyo wa plastiki ngumu umekumbatia kijibomba cha chuma, na chini kabisa, kule miguuni, kukawa na mlio ambao haukuwepo nilipoingia. Ufumbuzi wao ulikuwa kuukata mkono wa gia kwa grainda na kuchomelea nati juu yake, elfu arobaini. Nikawapa elfu kumi ya usumbufu, yaani nimelipa kwa kusumbuliwa mimi, nikaondoka nimeshika gia kama nashika mswaki.

Wa pili ni mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwarobaini, Sinza, mitaa ya nyuma ya Shekilango. Hana bango. Ana kontena, benchi, kijana mmoja, na makopo ya rangi yaliyojaa nati. Alipoona ile plastiki iliyochunwa hakuuliza nani kafanya. Aliingia, akakaa kiti cha dereva, akaweka kucha pale chuma kinapokutana na plastiki, akabandua kitu cheupe kama magamba. Akaniuliza, "Nani alitia gundi?"

Nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Gari imekufa?"

"Haijafa. Kichwa cha gia ulikitia gundi?"

Kimya. Halafu, "Tone moja tu, mjomba. Kilikuwa kinacheza."

Tone moja la supaglu, ndani ya thredi, halafu miaka ya jua la Dar es Salaam juu yake. Mzee akacheka akasema afadhali ni hiyo kuliko ile gundi nyekundu ya boliti, kwa sababu supaglu haipendi moto. Ukiipasha vya kutosha inakuwa kama ukoko. Lakini hakutaka kiberiti wala gesi karibu na viti. Alitaka draya ya nywele.

Akamtuma kijana saluni ya ng'ambo. Kijana akarudi na jibu: draya ipo, waya haufiki, na dada amesema umeme wa LUKU si wa bure, elfu mbili. Basi tukaisukuma Starlet mpaka barazani kwa saluni, mlango wa dereva ukatazamana na mlango wa saluni, mle ndani wateja wawili wana rola kichwani na hawana kingine cha kutazama. Mmoja akauliza gari linasukwa au linawekwa dawa.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee. Kabla ya kuwasha draya alifungua ile ngozi inayofunika mkono wa gia, akaikunja juu, akaufunga mpira wa tyubu ya tairi kwenye chuma, akakibana na plaizi ya kujifunga. Akanionyesha kule chini. Kwenye gari kama hii ya kuvutwa na matairi ya mbele mkono wa gia haugusi gia boksi. Unavuta waya mbili, na kila waya umeshika kwa kikombe cha plastiki. Nguvu zote nilizokuwa natia juu, na zile za wale vijana na spana ya bomba, zilikuwa zinaishia kwenye vile vikombe. Mlio nilioupata gereji ya kwanza ulikuwa kimojawapo kimeanza kuchomoka. Akakirudisha kwa dole gumba, tap.

"Chini shika, juu zungusha," alisema. "Ukizungusha bila kushika unavunja gari ili utoe kichwa."

Draya ilipiga kama dakika kumi, moto wa juu kabisa, akiizungusha pande zote. Harufu ya gundi ikachanganyika na harufu ya dawa ya nywele, kichwa kikaniuma hadi jioni. Kisha akafunga mkanda wa turubai kwenye ile plastiki mizunguko mitatu, akauvuta polepole kushoto, bila pupa. Hakuna kilichotokea. Draya tena. Mkanda tena. Safari hii ikasikika tak! moja kavu, mpaka mwenye rola akasema "yameisha hayo", na kichwa kikaanza kuzunguka kwa vidole viwili. Miaka yote ile, mwisho wake vidole viwili.

Malipo: elfu kumi ya kazi, elfu mbili ya LUKU.

Sasa niongelee thredi, maana hapa wengi tunapigwa. Mkono wa gia wa Starlet yangu, kama Toyota nyingi za mkono, una unene wa milimita 12 na thredi ya 1.25, yaani kutoka jino hadi jino ni milimita moja na robo. Stadi za tairi za gari hilohilo, zile boliti zinazoshika tairi, ni milimita 12 pia, ila thredi yake ni 1.5. Kwa macho hutaona tofauti. Ukichukua nati ya tairi ya Toyota ukaijaribu kwenye mkono wa gia inaingia mzunguko mmoja, unafurahi, halafu inakaba. Mzee alikwenda kwenye kopo akachagua nati ya tairi ya Subaru, kwa sababu Subaru wanatumia 12 kwa 1.25 kwenye tairi, akaipandisha na kuishusha kwenye mkono wangu wa gia mara tano sita, huku akipiga brashi ya waya, mpaka magamba yote ya gundi yakadondoka.

Halafu nikatoa boksi langu zuri.

Kile kichwa cha kung'aa nilikuwa nimeshakinunua Gerezani, Kariakoo, elfu kumi na tano. Tufe la alumini linalong'aa, namba za gia zimechongwa juu. Hakina thredi. Unachagua kibushi cha plastiki kinachokaribiana na mkono wako wa gia, unakichomeka ndani, kisha unakaza viskrubu vitatu kwa alenki ndogo hadi vikigande. Mzee alikipima mkononi, akakirudisha kwenye boksi, akasema, "Skrubu zitakula thredi, halafu zitalegea." Nikasema kifunge tu, nimeshalipia. "Sawa bosi. Utarudi."

Wiki ya kwanza nilijiona. Kinapendeza, sikatai. Lakini egesha gari Kariakoo saa saba mchana, vioo vimefungwa, urudi saa nane ukamate lile tufe. Niliruka. Chuma hakina huruma na jua letu, na kwa sababu alumini inapitisha joto haraka, lote linakuja mkononi kwa mara moja. Nikawa nakivisha soksi ya mtoto. Mke wangu alisema gari limepata soksi kabla ya baba yake mtoto, maana zangu zina matundu.

Wiki ya pili kikaanza kucheza. Nikakaza. Siku ya nne kinacheza tena. Nikakaza tena, na kila nikikaza kibushi kinazidi kuliwa.

Wiki ya tatu, barabara ya Mandela, natoka Ubungo kwenda Tabata, nyuma yangu lori la kontena limenikaba. Nimetoka gia mbili, nasukuma tatu, mkono ukaenda mbele na tufe lote, mkono wa gia ukabaki palepale. Nimeshika kichwa na soksi yake, mguu uko kwenye klachi, gari linateleza tupu, na lori linapiga honi kama limefiwa. Nikalitupa tufe kiti cha pembeni, nikaisukuma gia kwa kiganja juu ya chuma kitupu. Alama ya duara ilikaa kiganjani siku mbili.

Nikarudi. Mzee hakusema neno, ila yule dada wa saluni alisema, "Si aliambiwa?"

Viskrubu vilikuwa vimeacha vidonda vitatu kwenye thredi, kama meno ya panya. Ile nati ya Subaru ilipita kwa shida, ikanyoosha. Safari hii mzee alinipa stadi moja ya zamani ya tairi ya Subaru, akaniambia nenda nayo Gerezani, kila kichwa utakachopewa kijaribu kwenye hii, kisipoingia mpaka mwisho kwa vidole, acha.

Ushauri huo ndio wenye thamani kuliko vyote nilivyolipia. Nilizunguka na stadi mfukoni kwa wauza spea za mtumba wa Japani. Kichwa cha kwanza stadi haikuingia kabisa, tundu dogo, kilikuwa cha Honda, wao wanatumia milimita 10. Cha pili cha Nissan, 10 pia. Muuzaji mmoja akaniapia kuwa "Toyota zote thredi moja, bosi, hata nati ya tairi inaingia." Nikamwonyesha stadi. Akaitazama, akaniuliza mimi ni fundi wa wapi, bei ikashuka yenyewe kutoka elfu arobaini hadi ishirini na tano. Hicho ndicho nilichochukua: cha Toyota, cha ngozi nyeusi, mshono umechakaa upande wa dole gumba kwa sababu kuna Mjapani aliyekishika miaka mingi kabla yangu. Stadi iliingia mpaka mwisho bila kelele.

Kukifunga ilikuwa dakika tano. Kasoro moja: kikikaza kabisa, mchoro wa gia unatazama pembeni, gia moja inaelekea kwa abiria. Ukikirudisha nyuma kidogo kinacheza. Mzee akazungushia kwenye thredi tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko minne, akakifunga tena, kikasimama karibu kabisa na kilipotakiwa. Nikauliza, tusitie na gundi kidogo? Akaniangalia kwa muda. Nikamlipa elfu tatu na soda.

Ni miezi miwili sasa. Hakichezi, hakichomi, kiganja kinatoka safi. Mchoro umepinda kidogo kulia na mimi nimeshazoea. Lile tufe la alumini mwanangu amelichomeka kwenye mpini wa fagio, anaendesha nalo ukumbini, na hata huko linachomoka.

Anayetaka kwenda kwa mzee aende asubuhi, kabla ya saa nne, Jumapili hayupo. Umeme bado ni elfu mbili. Draya mwende na yenu, ile ya dada imeungua wiki iliyopita na anasema ni sisi.