Sabuni ya zeituni tupu ya kujitengenezea: inadumu kweli, ila uisubiri

Natengeneza sabuni hii ya kuogea kwa matumizi ya nyumbani, hapa Tanga, na sasa ninavyo vipande vya mwaka jana na vya majuzi, kwa hiyo nalinganisha huku navishika. Tofauti ni kubwa. Kipande cha wiki sita kinaogesha vizuri, lakini kikilala kwenye maji kinalainika na kuacha utelezi wa mlenda. Kilichokaa mwaka kwenye rafu ni kigumu, kina uzito mdogo kuliko siku kilipokatwa, na hakiishi upesi. Mafuta ni yale yale. Maji ndiyo yaliyotoka.

Kwa hiyo siri ya kwanza ni kuweka maji kidogo tangu mwanzo. Kwa gramu 1000 za mafuta ya zeituni natumia gramu 128 za kostiki (caustic soda, yaani sodium hydroxide) na gramu 220 za maji, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinachoyeyushwa kwenye maji kabla ya kostiki. Chumvi husaidia kipande kuwa kigumu mapema. Kipimo hicho cha kostiki kinabakiza mafuta kidogo yasiyogeuka sabuni, ngozi isikakamae. Usikadirie kwa kikombe, tafuta mizani.

Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki, na uvae glavu na miwani, mahali penye hewa. Halafu angalia sufuria yako: nyingi za majumbani kwetu ni za alumini, na kostiki inaila alumini huku ikitoa gesi inayoweza kuwaka. Mimi natumia ndoo ya plastiki nzito.

Usinunue zeituni ya daraja la juu kabisa. Ile ya pomasi, inayotolewa kwenye makapi ya zeituni, ni nafuu na hata inashika, yaani inakuwa nzito, upesi zaidi ukiikoroga na maji ya kostiki. Kwa mwiko utachoka. Kwa blenda ya mkono, ukisimama kidogo isipate moto, unafika pale tone linapoacha alama juu ya mchanganyiko.

Kukausha ndiko kunakotesa watu wa pwani, maana hewa yetu ina unyevu. Mafundi wa Nablus, Palestina, ambao ufundi wao uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2024, hupanga vipande minara mirefu yenye nafasi za kupitisha hewa. Nimeiga kwa udogo wangu: rafu ya mbao, vipande havigusani, dirisha wazi wakati wa kaskazi. Ukivifungia kwenye mfuko wa plastiki vikiwa vichanga, umevinyima hewa ya kukauka. Bafuni, kisahani kiwe na matundu.

Sasa kasoro. Povu ni dogo, laini kama krimu, na kwa maji ya kisima yenye chumvi karibu halipo kabisa. Anayependa povu aweke mafuta ya nazi gramu 150 mahali pa kiasi hicho cha zeituni, ila akokotoe kostiki upya, kwani nazi inahitaji zaidi. Harufu pia haina ya kujivunia.

Kwa ngozi kavu na watoto wangu naipa nyota nne kati ya tano. Kwa kufulia, hapana. Nunua mche wa dukani, zeituni ni ghali mno kumalizia kwenye mashati.