Kompyuta ya mtumba ya kuchezea gemu na wenzako: ipi ununue Kampala, ipi uiache dukani

Mpwa wangu alipanda basi la usiku kutoka Arua hadi Kampala akiwa na akiba ya mwaka mzima, akarudi na laptopu yenye stika ya Core i7. Alitaka kucheza Valorant na wenzake watatu. Gemu ilikataa kufunguka. Prosesa ilikuwa i7 ya kweli, muuzaji hakudanganya kwa hilo, ila ilikuwa ya kizazi cha 2, yaani toleo la pili la Core, ya mwaka 2011, na graffiki zake (sehemu inayochora picha) za Intel HD 3000 haziijui DirectX 11, programu ya Windows ya kuchora picha ambayo gemu hiyo inaitegemea. Mwenzake mmoja alikuwa na kompyuta ya mezani ya i5, ya bei ya chini kuliko ile laptopu, na gemu ilikuwa ikienda vizuri tu. Kijana yule aliniuma roho. Ndiyo maana naandika, ili mwingine asipande basi kwa stika.

Jambo la kwanza hata kabla ya kuulizia bei: mtacheza gemu gani, wewe na wenzako? Mashine nzuri inayocheza gemu ambayo wenzako hawana ni hasara. Counter-Strike 1.6 ilitengenezwa kwa prosesa ya MHz 500 na RAM ya MB 96, kwa hiyo karibu chuma chochote kinachowaka leo kitaicheza. Kadhalika OpenArena, na Luanti ile ya kujenga kwa matofali, ambayo ni ya bure. Valorant inataka angalau Intel HD 4000 na RAM ya GB 4. Counter-Strike 2, iliyochukua nafasi ya CS:GO Septemba 2023, ni mzigo mwingine kabisa: RAM GB 8 na nafasi ya GB 85 kwenye diski, na bila kadi ya graffiki utaona picha zikirukaruka. Kaeni chini mkubaliane kwanza.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninayoipenda zaidi.

1. Kompyuta ya mezani ya ofisi, kizazi cha 4 hadi cha 6, kasha refu

Hizi ndizo ofisi za Ulaya zinatupa na sisi tunazipokea kama ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza: Dell OptiPlex 7020 na 9020, HP EliteDesk 800 G1 na G2, Lenovo ThinkCentre M93p. Prosesa kama i5-4590 (ile 4 baada ya kistari ndiyo kizazi) ina kori nne kamili, yaani vitengo vinne vya kufanya kazi. Linganisha na i7-4600U ya laptopu ya kizazi hicho hicho, yenye kori mbili tu. Ile herufi U mwishoni inamaanisha prosesa ya kubana umeme, na wanunuzi wengi huipita macho kwa sababu wameshaona "i7".

Nasisitiza kasha refu, lile la kusimama, kwa sababu linapokea kadi ya graffiki ya urefu wa kawaida. Kasha jembamba linataka kadi fupi, na kadi fupi ni adimu na ghali. Katika kasha refu unaweka GTX 750 Ti inayokula wati 60, au GTX 1050 Ti ya wati 75. Tafuta zile zisizo na tundu la waya wa ziada wa umeme, maana pawasaplai (kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) ya OptiPlex 9020 ndefu ni ya wati 290 na haina waya huo.

Hapo kwenye kadi kuna mtego mmoja niuseme wazi. GT 1030 ziko mbili kwa jina moja. Ile ya GDDR5 husafirisha data GB 48 kwa sekunde, na ile ya DDR4 haifiki 17. Boksi zinafanana kama mapacha. Soma maandishi madogo, na ikiwa kadi haina boksi, ichomekeni dukani muisome kwa GPU-Z, programu inayotaja sifa za kadi. GT 710 achana nayo hata ukipewa kwa bei ya soda. Haitakupa cha maana zaidi ya graffiki zilizomo tayari ndani ya i5.

Ubaya wa mashine hizi ni umeme. Ukikatika, mchezo umekwisha na wenzako wamebaki wanne dhidi ya watano. Ukirudi kwa kishindo, pawasaplai inaungua, nayo ya Dell au HP za miaka ile haina plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo huwezi kuingia duka lolote ukapata nyingine. Tenga pesa ya UPS (betri ya akiba) au stabilaiza tangu siku ya kwanza. Kuhusu gharama, mashine na skrini vikila wati 100 kwa saa tano, hiyo ni nusu yuniti kwa siku.

2. Laptopu ya kikazi ya kizazi cha 8

Ikiwa kwenu umeme hukatika kila jioni, hii ipande hadi namba moja bila kuniuliza. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, na EliteBook 840 G5 ni ya rika lake. Prosesa ya i5 au i7 ya kizazi cha 8 humo ina kori nne hata ikiwa na herufi U, na graffiki zake za UHD 620 zinacheza Valorant na Dota 2 ukishusha mipangilio. Zina nafasi mbili za RAM. Pia ndicho kizazi cha kwanza ambacho Microsoft inakikubali kwa Windows 11.

Tatizo ni bei, na kwamba ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho; kadi ya graffiki huiongezi kwa urahisi.

3. Kasha jembamba la kizazi hicho hicho cha 4 hadi 6

Inafaa kwa anayecheza gemu nyepesi na hana mpango wa kadi. i5 ya kizazi cha 4 huwa na HD 4600, ya kizazi cha 6 ina HD 530. Basi.

4. Kizazi cha 3

Hapa uwe na macho. OptiPlex 7010 yenye i7-3770 ina HD 4000, na kwa Valorant ndiyo mlangoni kabisa. Yenye i5-3470 ina HD 2500, iliyo nyuma zaidi. Kasha ni lile lile. Inunue ikiwa tu bei imeshuka sana na una kadi mkononi.

5. Za kuacha

Kizazi cha 2 kurudi nyuma, pamoja na Core 2 Duo, isipokuwa shabaha yako ni Counter-Strike 1.6 pekee. Na hii itawashangaza wengi: laptopu mpya ya dukani, ya plastiki, yenye Celeron N4020, RAM GB 4 iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao na hifadhi ya GB 64. Ni mpya, inang'aa, ina waranti, na CS2 haitoshei humo hata kwa kuihifadhi tu. Wazazi huinunua kwa nia njema kwa sababu haijaguswa na mtu. Nawasihi, bora EliteBook iliyochakaa kona.

Pesa ndogo inayobadilisha mashine

Graffiki za ndani hazina kumbukumbu yao, hukopa RAM ya mashine. RAM moja ya DDR3-1600 hupitisha GB 12.8 kwa sekunde. Mbili zikiwa sambamba hupitisha 25.6. Kwa hiyo vijiti viwili vya GB 4 vinaishinda GB 8 ya kijiti kimoja, na katika gemu tofauti unaiona kwa macho. Mwambie muuzaji akubadilishie hapo hapo. Wengi hukubali kabla hujalipa, wachache baada ya hapo. SSD, ile diski ya kasi, nayo haiongezi fremu (idadi ya picha kwa sekunde), ila ramani inafunguka kabla raundi haijaanza.

Ukiwa dukani

Usikubali kuonyeshwa skrini ya mwanzo tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, soma jina la prosesa na la graffiki mwenyewe. Beba flashi yenye Xonotic, ni ya bure na haihitaji kusakinishwa, uicheze dakika ishirini ukisikiliza feni. Mashine inayojizima kwa joto hujitaja ndani ya muda huo. Ingia BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, uhakikishe haina neno la siri la ofisi ilikotoka. Tarehe ikirudi miaka ya nyuma kila inapozimwa, usiogope, ni betri ndogo ya CR2032.

Ukikuta Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha 4, jua fundi ameruka masharti. Inawaka, lakini Valorant kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi uliomo ndani ya mashine yenyewe, na hapo mlinzi wake, Vanguard, atakufungia nje. Kwa gemu hiyo omba Windows 10, ukijua Microsoft ilisimamisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa anayecheza Dota 2, Luanti au Xonotic, Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, inatosha na ni nyepesi. Valorant haichezeki Linux.

Kwa wa mbali kama sisi: kabla ya basi, chomoa kadi ya graffiki, ifunge kwenye nguo, ibebe kwenye begi la mkononi. Barabara ndefu huilegeza kadi nzito kwenye tundu lake, na ukifika utadhani umeuziwa mbovu.

Na intaneti je?

Seva za karibu za Valve, kampuni ya Counter-Strike na Dota 2, ziko Afrika Kusini, na data yetu kwa kawaida hushuka kwanza hadi pwani, kama ya Mombasa, ndipo iingie baharini. Hakuna kompyuta itakayofupisha njia hiyo. Ndiyo maana sisi hapa jumamosi tunakusanyika sebuleni na swichi ya mtandao ya matundu manane na kebo zetu. Seva ni mashine ya mmoja wetu, na bando halihusiki. Hata gemu kubwa hatupakui kila mtu peke yake. Tangu 2023 Steam, duka la gemu la Valve, inaweza kuhamisha faili kati ya kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja: mmoja anapakua usiku bando likiwa rahisi, asubuhi yeye na wengine wanaruhusu uhamishaji kwa marafiki kwenye mipangilio, wanachomeka kebo, na gemu inaingia kwa wote bila kula bando tena. Mpwa wangu siku hizi ndiye mwenye zamu ya kupakua, kwa OptiPlex aliyoipata alipobadilishana ile i7 na kuongeza kidogo.