Kamera ya mkanda nimeipenda, waliosafisha mkanda wangu siwataki hata kuwaona

Nianze na hukumu ili mwenye bando dogo asiumie. Kamera ya mkanda, yaani ya filamu: nunua. Mkanda wenyewe: ghali, ila nunua. Pa kuusafishia, yaani pa kuutoa picha: hapo ndipo presha inaponipanda, na kama umekuja kuangalia nimetoa nyota ngapi, subiri kwanza, maana tangu nianze kuandika nimekuwa nikifuta na kuandika upya.

Riziki yangu inatoka kwenye dijitali na sina ugomvi nayo. Harusi, send-off, kipaimara, mahafali ya chekechea ambako watoto wanavalishwa majoho marefu kuliko wao. Kazi ya mtu huwezi kuifanya kwa mkanda wa picha 36, halafu umwambie mama mzazi wa bi harusi asubiri wiki nzima ndiyo ajue kama binti yake alifumba macho. Anayeniuliza anunue kamera gani ya kazi namjibu kifupi: yenye nafasi mbili za kadi, ili kadi moja ikifa ukumbini nyingine iwe na kila kitu; lenzi nzuri kabla ya bodi nzuri, yaani kamera yenyewe bila lenzi; na ukinunua ya mtumba Kariakoo usikae kushangaa inavyong'aa. Ulizia shata, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, imeshapiga mara ngapi. Washa tochi ya simu, mulika lenzi kwa nyuma, tafuta nyuzinyuzi za fangasi, kwa sababu joto na unyevu wa pwani yetu havibagui lenzi ya milioni tatu na ya laki moja. Basi. Mengine yameandikwa kwenye boksi.

Kamera ya mkanda niliinunua kwa ajili ya nafsi yangu. Ni Pentax K1000, zile zilizotengenezwa tangu 1976 mpaka 1997. Nimeitoa kwa muuza mtumba Ilala, ambaye alikuwa ameilaza katikati ya pasi na redio mbovu na hakujua kama inafanya kazi. Nikakokota, nikabonyeza, ikaitika klap! Muuzaji mwenyewe akashtuka, akataka kupandisha bei palepale. Betri yake ni ya kipima mwanga tu. Ikifa, shata inaendelea kupiga kama haijasikia habari. Wenzangu ambao kamera zao zimewahi kuzima katikati ya keki kukatwa mnajua raha ninayoizungumzia.

Sasa, nilikwenda nayo Tanga kwenye shughuli ya familia, mwaka jana mwishoni au huu ulipoanza, hata sikumbuki. Jua la saa saba, ukuta umepakwa chokaa, bi harusi kavaa nyeupe kuanzia kichwani. Mwanga wa namna hiyo ndio unaotutesa watu wa dijitali. Ukiuachia mwanga ukazidi kidogo tu, weupe wa shela unaungua, na ukishaungua hakuna programu itakayourudisha, hamna kitu pale. Kwa hiyo unapunguza mwanga, unaokoa shela, halafu sura za watu zinaingia kizani na unakesha kwenye kompyuta kuzitoa. Mkanda wa negativu, ule ambao ukisafishwa picha inatoka imegeuka, cheupe kikawa cheusi, una tabia ya kinyume. Mwanga ukizidi, unavumilia. Unaoumia ni mwanga ukipungua. Kwa hiyo unapima kwenye kivuli, kwenye ngozi ya mtu mweusi aliyekaa chini ya mwembe, unabonyeza, na shela inajitunza yenyewe. Kwetu sisi, kwa sura zetu na jua letu, hiyo si sifa ndogo.

Na bibi yangu alikuwepo. Amekaa barazani anasuka ukili, nikamwamkia, nikaomba nimpige picha. Akaniambia, "Nipige nikifanya kazi, mjukuu wangu. Usinipange kama maiti." Nikampiga. Picha nyingi za mkanda ule ni zake: mikono, ukili, miwani iliyofungwa uzi. Wakati nakokota picha ya mwisho nilijua kabisa kwamba humu ndani kuna kitu.

Nikaupeleka duka moja katikati ya mji. Jina nalibana, si kwa sababu ya huruma. Mapokezi kulikuwa na dada mstaarabu, akaandika risiti, akanikaribisha maji. Mpaka hapo ningetoa nyota tano na ya ziada. Wakasema watanipigia. Hawakupiga. Siku kadhaa baadaye simu ikaanza kulia mfululizo, kutazama, picha zangu zinaingia kwa WhatsApp, moja moja, hakuna salamu.

Kwa WhatsApp! Yaani WhatsApp, ambayo picha ukiipitisha kikawaida inaibana na kuipunguza. Nimenunua mkanda kwa bei ya chakula cha wiki, nimepima mwanga kwa jasho, halafu kinachonifikia ni picha ya kuweka profaili.

Nilikwenda dukani siku hiyohiyo. Safari hii kaunta kuna kijana, sikio moja lina spika ya simu na haikutoka muda wote tulioongea.

"Habari ya kazi. Nimefuata negativu zangu."

"Negativu?"

"Ndiyo. Mkanda wangu. Risiti hii."

Akaiangalia risiti kama noti asiyoiamini. "Si tulikutumia sofkopi, mzee?"

"Mlinitumia. Nataka mkanda wenyewe."

"Ah, ule tulishatupa."

Nikamwambia arudie. Akarudia, tena kwa sauti ya mtu anayemwelewesha mgonjwa: "Tunatupa, mzee wangu. Siku hizi nani anataka negativu? Filamu ilishakufa."

Yule dada wa maji akaingilia kwa upole, "Kaka, ungesema mapema kama unaihitaji tungekutunzia." Ungesema mapema! Nimpelekee fundi cherehani kitambaa, ashone gauni, alipige picha, anirushie picha kwa simu, gauni lenyewe alitupe jalalani, kisha aniambie ningesema mapema kama nilitaka kulivaa! Nikaomba kumwona bosi. Bosi hayupo. Nikaomba namba ya bosi. Bosi hapendi kupigiwa. Nikauliza jalala liko wapi, na namaanisha, nilikuwa tayari kuchakura. Gari la taka lilishapita.

Naomba nieleze kwa nini nimekasirika kiasi hiki, kwa sababu nimewasimulia watu wa nyumbani wakaniambia picha si unazo kwenye simu, tatizo nini.

Tatizo ni kwamba zile picha zilikuja na ukijani. Mchanga wa kijani, chokaa ya kijani, na bibi yangu, mwenye ngozi ya kahawia iliyoiva, ametoka rangi ya majivu. Sasa makosa ni ya nani? Mkanda wa rangi husafishwa kwa dawa iliyo kwenye nyuzijoto 37.8, kwa dakika 3 na sekunde 15. Joto likiyumba au dawa ikichoka, rangi zinapotoka, na hilo halina tiba kamili. Lakini pia inawezekana mkanda ulitoka salama na ni skana yao tu iliyowekwa kujirekebisha yenyewe, ikaona baraza yenye kivuli na mtu mweusi, ikachanganyikiwa. Kama ni hilo, ningepeleka negativu kwa mwingine, ikaskaniwa upya, bibi akarudi na rangi yake. Negativu ndiyo shahidi pekee wa kesi hii, na hawa jamaa wamemtupa shahidi kwenye gari la taka.

Na habari ya ngozi zetu kugeuzwa majivu haikuanzia kwenye duka hili. Kwa miaka mingi Kodak ilizipa maabara kadi ya kusawazishia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi rangi zote zimekaa sawa, sisi wengine tutajijua. Na simulizi kutoka ndani ya Kodak yenyewe ni kwamba waliosukuma mikanda iboreshwe kwenye rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani pichani. Chokoleti ilisikilizwa. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam, mwenye maabara, mwenye bibi yake mwenyewe, ninapomkuta ameiacha mashine ijiamulie rangi ya mtu mweusi, naona uchungu mara mbili.

Halafu eti filamu ilishakufa. Kijana, Kodak iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Januari 2012, na mikanda yake bado inatengenezwa Rochester, Marekani. Tena Steven Sasson, aliyeunda kamera ya dijitali mwaka 1975, alikuwa mhandisi wa Kodak hiyohiyo. Hao ndio waliofuga kilichokuja kuwatafuna. Ilford bado wanatengeneza yao Mobberley, Uingereza. Mwaka 2024 Pentax wametoa kamera mpya ya mkanda, si mtumba, mpya dukani. Kama huyo marehemu amekufa, basi anakula na kunywa. Na wewe uliyepokea hela yangu ya kusafisha mkanda, ulikuwa unapokea ya nini, rambirambi?

Nilipotoka pale nilikuwa nimeamua: mkanda basi. Nitauza K1000, nitabaki na dijitali yangu. Faili nazimiliki mwenyewe, ninayo nakala nyumbani na nyingine kwa dada yangu, hakuna kijana wa spika sikioni anayeweza kunitupia. Na kwa kweli kama unauliza kwa akili ya biashara, dijitali imeshinda, hakuna hata mjadala. Niliandika tangazo la kuuza. Nilishaipiga picha kamera yenyewe, kwa simu.

Tangazo sikuliweka. Nilizirudia zile picha za kijani, hivyohivyo zilivyobanwa. Nilizigeuza ziwe nyeusi na nyeupe. Ile ya mikono na ukili, jamani. Ilikuwa na mwanga wa taratibu unaoingia kutoka upande wa ua, na shela ya bi harusi nyuma yake, mbali, haijaungua. Nina bodi ya dijitali ya mamilioni na sijawahi kutoa picha ya namna hiyo. Hapo ndipo hasira ikarudi upya, mbaya kuliko ya kaunta.

Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, Capital Art Studio. Picha za masultani, za majahazi, za mitaa ya Unguja ya zamani zilipitia mikono ya familia ile, na miongo mingi baadaye watu bado walikuwa wanaingia kuzinunua. Mzee kama yule angeanza kila jioni kwa kutupa kazi ya mchana kwa sababu hakuna aliyesema mapema, leo tungekuwa tunanunua nini? Sisemi bibi yangu ni sultani. Ingawa ukimsikia anavyoagiza watu pale nyumbani, ngoja nisiseme.

Yeye naye amepiga simu. Kwanza salamu ndefu, halafu, "Picha zangu ziko wapi?" Binamu akamwonyesha kwenye simu. Akasema ya simu haitaki, simu si yake, anataka ya karatasi ya kuweka kabatini. Nikamchapia kubwa kwa kadiri faili lilivyoruhusu. Imetoka na mabaka kama ukuta wa chumvi. Ameipokea, ameishukuru, na kwa taarifa nilizopata ameiweka nyuma ya nyingine.

Kwa hiyo nimenunua tangi la kusafishia na mfuko mweusi wa kuingiza mikono, na nimeanza na mkanda mweusi na mweupe, HP5, ambao dawa yake inataka nyuzijoto 20. Maji ya bombani Dar es Salaam hayajawahi kuzijua nyuzijoto 20. Nasafisha na barafu pembeni kwenye beseni, mke wangu anauliza barafu ya juisi ya wageni imekwenda wapi. Negativu zinaning'inia bafuni kwa vibanio vya nguo. Zangu. Hakuna wa kuzitupa. Kwa weusi na weupe, nyota tano, na ukitaka kuingia kwenye mkanda anzia hapa, wala usipite kwenye kaunta ya mtu.

Rangi ni habari nyingine. Kushikilia nyuzijoto 37.8 kwenye beseni sijathubutu. Juzi wale jamaa wamenipigia, yule dada, sauti ya asali, kwamba bosi amesikia, ameumia, mkanda unaofuata watanisafishia bure. Nikamjibu kwamba siwezi kukanyaga pale tena maisha yangu yote. Nikakata. Kisha nikakumbuka kuna mkanda wa rangi kwenye friji, wa Tanga hukohuko, na duka jingine ninaloliamini bado sijalipata.

Nyota moja. Nusu yake ni ya yale maji. Na kama nitapeleka huo mkanda, sijasema napeleka, nitasimama palepale kaunta tangu unaingia kwenye mashine hadi unatoka, na bahasha yangu ya negativu nimekuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani, na yule kijana atoe hicho kitu sikioni.