Orliński na sisi wanaume tunaoimba alto

Kwenye kwaya yetu hapa Kihesa, Iringa, naimba sauti ya pili, yaani alto, ambayo kwa kawaida ni ya akina dada, na ndiyo, mimi ni mwanaume. Ilianza Pasaka moja akina dada walikuwa wachache nikaambiwa hebu shikilia alto kidogo, mpaka leo sijatoka na jina nimepewa, mama alto. Sasa jamaa yangu wa besi akanitumia video kaandika "mwenzio huyu hapa", nikajua utani wake uleule, nikafungua. Aisee.

Ni Jakub Józef Orliński, Mpolandi, kauntateno, yaani mwanaume anayeimba kwa sauti ya juu kama ya kike. Video ya 2017, Aix-en-Provence kule Ufaransa, kavaa kaptula na raba maana alijua ni redio tu, za kamera hakuwa nazo habari. Piano moja, basi. Kipande ni cha Vivaldi, mtunzi wa Italia, kwenye opera (igizo la kuimbwa) ya Giustino ya 1724, mfalme anamuwaza mkewe. Watu wa kwaya hapa mtanielewa, nyimbo za enzi hizo unaimba sehemu ya kwanza, unaenda ya pili, halafu unarudi mwanzo, na ukirudi haitakiwi iwe kopi, unaweka manjonjo yako. Mara ya kwanza kaimba wazi tu, nikasema mbona kawaida. Kurudi sasa! Anaizungusha, anaipandisha, anaiachia inakuwa nyembamba kama uzi wa kushonea na haikatiki, nikarudia nikarudia, bando la wiki likaisha Jumanne.

Mama mwenye nyumba kanisubiri mlangoni asubuhi, "Kamwene mwanangu, yule dada anayeimba usiku ni mgeni wako?" Nikamwambia si dada mama, ni mwanaume, akaniangalia hivi, akaenda zake.

Na sio kwamba ana kasoro. Akiongea sauti ni nzito kama yangu tu, hiyo ya juu ni ya kichwani, imefanyiwa mazoezi ya miaka. Zamani nafasi hizi ziliimbwa na matowashi, wanaume waliohasiwa utotoni kabla hawajabalehe, mfano mwimbaji Senesino ambaye mtunzi Handel alimwandikia opera ya Giulio Cesare, 1724 hiyohiyo, London. Siku hizi wanaimba kina Orliński au wanawake, hakuna anayekatwa kitu, tushukuru.

Albamu yake ya Anima Sacra ya 2018 nayo nimeimaliza, nyimbo za kanisa za karne ya 18. Hapa nitatofautiana na mashabiki: nzuri lakini zile za polepole zikifuatana unaanza kusinzia, hasa baridi hii ya Julai na blanketi juu. Kwa utulivu mimi bado nampenda Andreas Scholl, kauntateno Mjerumani, hana mbwembwe, neno linasikika lote. Orliński anapenda kuonekana kidogo, ufunguzi wa Olimpiki ya Paris 2024 kaimba wimbo wa Rameau, mtunzi Mfaransa wa zamani, kwenye mvua huku anapiga brekdansi, haya, pumzi anayo, ila mimi nilishindwa kusikiliza nikabaki naogopa asiteleze.

Nampa nane kwa kumi. Anza na ile ya kaptula, na tafadhali tumia spika au earphone nzuri, spika ya simu inaifanya sauti ipige filimbi utadhani birika. Jumamosi mazoezini naiweka kwenye spika ya kwaya, na yule wa besi nitamkalisha mbele.