Uzoefu wangu na redio ya gari ya mtumba iliyokuwa ikijizima

Nyota 3 kati ya 5, na hiyo ya tatu nimeitoa kwa shingo upande. Redio yenyewe ni nzima. Nilichukua siku nne kulijua hilo, na tatu kati ya hizo nilishaihukumu kuwa ni kopo.

Ni redio ya tundu moja (inakaa kwenye nafasi moja ya dashibodi), ya zile zenye uso unaochomoka. Ina sehemu ya diski, tundu la waya wa simu, na usoni imeandikwa 50W x 4. (Hayo maandishi msiyachukulie kwa uzito: ni nguvu ya kilele tu. Ikiimba mfululizo kila spika inapata chini ya nusu yake.) Muuzaji aliandika kwamba imejaribiwa na inafanya kazi. Ilinifikia bila fremu, plagi ya nyuma imekatwa na nyaya zimebaki urefu wa kidole, na tumboni ina diski ya mwenye redio wa kwanza iliyogoma kutoka.

Sasa ugonjwa wenyewe. Inawaka, inaonyesha maandishi yake ya kukaribisha, inaimba vizuri dakika mbili tatu kwa sauti ya chini. Pandisha sauti kidogo, besi igonge: kimya. Baada ya sekunde moja inawaka upya na kukaribisha tena, kama mgeni aliyesahau kwamba ameshapiga hodi. Nikibonyeza kitufe cha kutoa diski inanguruma kidogo halafu inazima. Injini ikiwa inaunguruma kulikuwa pia na mluzi mwembamba kwenye spika, unaopanda kila ninapokanyaga mafuta. Na kila redio iliporudi, saa yake ilikuwa imeanza upya kwenye 0:00.

Siku ya kwanza nilihangaika na fyuzi. Ya nyuma ya redio ni ya ampea 15, ile ya rangi ya buluu, nzima kabisa. Nikakagua na ya kwenye sanduku la fyuzi za gari, nayo nzima. Ningetulia ningejua kwamba fyuzi iliyoungua haizimi na kuwasha, ikiungua, imeungua.

Siku ya pili zamu ya spika. Redio hujilinda kwa kuzima amplifaya yake ya ndani ikiona waya wa spika umegusa bodi ya gari, au ikibebeshwa mzigo mzito, mfano mtu ameunga spika mbili za omu 4 sambamba kwenye njia moja, redio ikawa inaona omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani; zikipungua, umeme unaovutwa unaongezeka). Nikachomoa spika zote, nikabakiza moja. Redio ikakaa karibu nusu saa! Nikajisifu. Nikaanza kubandua milango ya gari kutafuta waya uliochubuka, na sikupata kitu. Ilikuwa imekaa muda mrefu kwa sababu spika moja inavuta umeme kidogo kuliko nne, basi. Dawa ya uongo ikampa mgonjwa nafuu ya kweli, na mimi nikapoteza siku nzima.

Siku ya tatu ndipo niliposikiliza saa. Redio hizi zina waya mbili za umeme wa chanya. Wa njano ni wa kudumu, unatoka kwenye betri muda wote na ndio unaotunza saa na stesheni ulizohifadhi; umeme wa kuendesha amplifaya nao unapita humohumo. Wa nyekundu unakuja ukizungusha ufunguo, kazi yake ni kuiambia redio iamke. Mweusi ni hasi, unakwenda kwenye bodi ya gari. Kwa hiyo redio ikizima huku saa imebaki sawasawa, tafuta kwenye wa nyekundu, kwenye spika au kwenye uso unaochomoka. Ikizima na saa ikapotea, umeme mkuu wenyewe umekatika: wa njano au mweusi. Yangu ilipoteza saa kila mara. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kioo tangu dakika ya kwanza.

(Kuna hali nyingine inayofanana lakini siyo hii: saa inapotea pale tu unapochomoa ufunguo. Hapo mara nyingi wa njano na wa nyekundu zimebadilishana. Kwenye magari mengi ya zamani ya Volkswagen na Audi plagi imepangwa kinyume na redio nyingi za madukani, kwa hiyo lazima uzibadilishe mwenyewe. Na tafadhali usizisokote zote mbili pamoja ili kurahisisha mambo. Redio itaacha kufuata ufunguo, uisahau imewaka, asubuhi betri haina kitu.)

Nikachukua mita. Kati ya wa njano na mweusi, redio imechomolewa: volti 12.5. Safi! Nikageuka kumlaumu muuzaji. Nikaitoa redio, nikaiweka mezani, nikaiunga moja kwa moja kwenye betri: njano na nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, spika mbili, simu kwa waya. Nikaipigisha kwa sauti ambayo watu wa nyumbani hawakuipenda. Saa nzima haikutetereka. Kumbe muuzaji hakudanganya. Mezani kwake bila shaka ilifanya kazi, kama ilivyofanya mezani kwangu.

Basi tatizo liko kwenye gari, na mita inasema gari halina tatizo. Hapa ndipo nilipokaa kitako muda mrefu. Mita haivuti umeme wa maana. Waya wenye nyuzi ishirini ukikatika ukabaki uzi mmoja, mita itakuonyesha volti 12.5 zilezile, kwa sababu uzi mmoja unaitosha. Redio ikidai ampea 10 besi inapogonga, habari ni nyingine. Kiungo kibovu chenye robo omu tu kinameza volti 2.5 palepale. Toa hizo kwenye 12.5, redio imebaki na 10, na nyingi hapo hukata tamaa.

Kilichofungua fumbo ni bahati. Nilikuwa narudisha redio ndani, nikaunga plagi ya umeme kwanza, antena ikabaki inaning'inia. Nikawasha: hakuna kitu, hata mwanga. Nikachomeka antena, ikawaka. Nikachomoa, ikazima. Nilirudia mara tano kama mtoto aliyepata swichi mpya.

Antena haina kazi ya kuipa redio umeme. Ila waya wake una suka la nje, yaani nyuzi za chuma zilizosukwa kuuzunguka, lililofungwa kwenye bodi ya gari, na plagi yake ni chuma kinachogusa mwili wa redio. Redio yangu ilikuwa imekosa hasi ya halali, ikaazima ya antena. Suka lile jembamba, tena lililoshika kwenye kitako cha antena chenye kutu, liliweza kulisha redio inayonong'ona, halikuweza kulisha besi wala mota ya kutolea diski. Hata ule mluzi ulitoka hapo: kelele za jenereta ya gari zilikuwa zikipita njia moja na mawimbi ya redio.

Nikathibitisha kwa mita, safari hii redio ikiwa inaimba. Ncha moja kwenye mwili wa redio, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Pakiwa pazuri usomaji unakaribia sifuri. Mimi nilipata volti 2.6 besi ikigonga.

Waya mweusi wa gari niliufuata hadi nyuma ya dashibodi. Aliyefunga redio iliyotangulia aliusokota kwenye kipande kingine, akauviringishia tepu, kisha akaubana kwa skrubu kwenye chuma chenye rangi. Rangi haipitishi umeme. Chini ya tepu shaba ilikuwa imegeuka kijani na nyuzi karibu zote zimekatika. Nilipovuta kidogo, ukabaki mkononi.

Kazi ya kurekebisha ilinichukua kama dakika arobaini. Nilitoa kwanza waya wa hasi wa betri (kama redio yako ni ile iliyokuja na gari kutoka kiwandani, hakikisha una namba yake ya siri kabla, nyingi huidai umeme ukikatika). Nikakata ule uozo, nikaweka waya mpya mnene wa milimita za mraba 2.5, mwisho wake kipete kilichobanwa vizuri, nikapiga msasa mpaka chuma cheupe kikatokea, nikakaza boliti. Viungo vingine vyote nikavichomea kwa risasi badala ya kusokota. Nikapima tena: volti 0.05. Mluzi umeondoka.

Siku ya nne ikazima tena barabarani, kwenye tuta. Nilitamani kuitupa dirishani, ila nikatazama saa: ipo, haijapotea. Kwa hiyo siyo umeme mkuu. Ilikuwa ni vile vidole vidogo vya shaba nyuma ya uso unaochomoka, vimefifia kwa uchafu. Nikavifuta kwa kifutio cha penseli polepole, kisha kwa pamba yenye spiriti kali. Tangu hapo wiki ya tatu sasa, matuta na mashimo, haijazima.

Nyota mbili nilizokata ni za ile plagi iliyokatwa karibu mno na fremu iliyokosekana; mtu anayeuza redio ya mtumba akinyofoa kwa mkasi anamwachia mnunuzi kazi ya nusu siku. Sauti ni nzuri kuliko nilivyotegemea, vitufe ni vikubwa, unavipapasa bila kutazama. Kama unanunua ya aina hii, omba ijaribiwe ikiwa na spika nne na sauti juu, siyo kuonyeshwa kwamba inawaka.

Na ile diski. Baada ya kukaza ile boliti nilibonyeza kitufe cha kuitoa, mota ikanguruma, diski ikateleza nje yenyewe. Imekwaruzika vibaya, haisomi hata wimbo mmoja.