Uzoefu wangu na kipima joto cha jikoni: kidude kidogo ila kimepunguza ubishi mezani

Nianze na jibu kwa wenye haraka: nunua, ila chukua kile cha kawaida cha kukunja chenye sindano, achana na vyenye mbwembwe za kuunganisha na simu. Mwenye muda tukae tuongee, maana mi nimekitumia hiki kidude muda wa kutosha sasa, kuna vitu nimevipenda sana, kuna vinavyonikera, na kuna kimoja ambacho hakuna muuzaji atakwambia.

Kwanza mjue mi ni mtu wa aina gani. Napenda kula, tena kwelikweli. Nna kundi la marafiki ambao tukikutana ni mambo mawili tu, ama tunatoka kwenda kula mahali ama wanajazana kwangu nipike, na linapokuja suala la chakula kila mtu ni mtaalamu hakuna mwenye aibu. Mmoja hataki kuona hata dalili ya wekundu kwenye nyama, mwingine anataka steki ikasalimie moto tu itoke, na wa tatu kuku akiwa mkavu kidogo anasukuma sahani pembeni mchana kweupe. Ukiwapikia watu hawa unashinda jikoni unapasua nyama katikati kuchungulia kama imeiva, ukishaipasua majimaji yanamwagika kwenye ubao, na ukija kufika mezani stori zote nzuri zimeshapita.

Kidude chenyewe ni rahisi tu. Kina sindano nyembamba ya chuma, kihisi kiko kwenye ncha, mpini una skrini ndogo. Unachoma, unasubiri sekunde nne tano namba itulie, unasoma. Basi. Kinabadilika kati ya Selsiasi na Farenhaiti, na digrii zote ntakazotaja humu ni za Selsiasi. Vipo vinavyosoma kwa sekunde mbili tatu, hivyo bei yake imechangamka, na kuna vile vya zamani vya mshale ambavyo unasubiri hadi mkono unaungua juu ya jiko, hivyo sikushauri.

Sasa kuku, maana kuku ndio kesi yenyewe. Namba inayotolewa na Idara ya Kilimo ya Marekani kwa kuku ni 74 ndani, sehemu nene kuliko zote. Watu wengi tumezoea kupika kuku hadi roho itulie, na roho ikishatulia kidari kimeshapita 80 huko kimekuwa ubao. Kidari ukikitoa kwenye moto kikiwa na 71 hivi ukakiacha kitulie kwenye sahani, joto la nje linaendelea kuingia ndani na namba inapanda yenyewe, mi nakuwa nimekiacha na sindano ndani naangalia mpaka ifike 74 ndo nakata. Isipofika narudisha motoni, sio kesi. Yule rafiki yangu wa kusukuma sahani siku hizi anaongeza, halafu anajifanya hajaongeza.

Ila paja ni habari nyingine. Paja kwa 74 ni salama lakini unalitafuna linavutika, lina nyuzi nyingi na mafuta, linataka 80 kwenda juu ndio linalainika. Kwa hiyo kuku huyohuyo mmoja ana majibu mawili! Ndio maana ukimchoma mzima ni kazi, kidari kinakauka wakati unasubiria mapaja. Mi sasa naomba radhi kwa wanaopenda kuku mzima kwa ajili ya picha, kwangu anakatwa vipande na kila kipande kinatoka muda wake.

Na ile imani ya kwamba ukichoma kuku akatoa maji meupe kaiva, akitoa ya pinki bado, sahauni. Rangi inadanganya. Kuku mdogo anaweza kufika 74 na zaidi na bado karibu na mfupa pako pekundu kwa sababu rangi inatoka kwenye uboho, na mwingine anaweza kuonekana mweupe safi huku ndani hajafika. Nimeshabishana sana mezani kuhusu hili, zamani nilikuwa sina ushahidi, sasa namwonyesha mtu skrini.

Kuhusu kuchoma sindano penyewe, hapa ndipo watu wanaponunua halafu wanasema kidude kibovu. Ncha lazima ikae katikati ya sehemu nene, isiguse mfupa wala isitokeze upande wa pili ikagusa kikaango, maana hapo unapima vitu vingine sio nyama. Kipande chembamba chomea ubavuni, sio kwa juu. Mi huwa naingiza mbele kidogo halafu naivuta taratibu kurudi nyuma, namba ndogo kuliko zote ninayoiona njiani ndio ya kweli. Pima sehemu zaidi ya moja. Na osha hiyo sindano kabla ya kuchoma tena jamani, ulichokitoa kwenye nyama mbichi usikipeleke kwenye nyama iliyoiva.

Steki. Hapa kuna siasa. Namba rasmi kwa kipande kizima cha ng'ombe au kondoo ni 63 halafu unaiacha ipumzike dakika 3. Wapenda nyama yenye wekundu wanaitaka 54 mpaka 57, na ndivyo inavyopikwa migahawa mingi, lakini hiyo iko chini ya ushauri na kila mtu ajue anachochagua. Mi wakija wazee, watoto au mjamzito sijadili, wote wanakula kwa namba rasmi, wengine nawauliza mmojammoja wanataka ipi. Raha yake ni kwamba vipande vitatu vinakaa kwenye kikaango kimoja, vinatoka kwa nyakati tofauti, na kila mtu anapata aliyoiomba. Zamani nilikuwa natoa zote zinafanana na kumwambia kila mmoja hiyo ndio yako.

Nyama ya kusaga haina huo uhuru. Kwenye kipande kizima vijidudu vingi vinakaa juu, moto wa kikaango unavimaliza, lakini ukishasaga kilichokuwa juu kinaingia ndani kila mahali, kwa hiyo ni 71 mpaka katikati. Na baga inaweza kugeuka kahawia ndani kabla haijafika huko, kwa hiyo jicho nalo halitoshi. Tangu nijue hilo, tukitoka na wenzangu mmoja akaagiza baga ya wekundu mimi kimya kinanishinda. Wameshaniambia nikiendelea nitakula mwenyewe.

Tukishafika huko kwenye kula nje ngoja niseme. Kuna sehemu tulienda, sitaitaja, chakula cha kujipakulia, mabakuli yamepangwa vizuri na mataa juu, unafunua unategemea mvuke unakuta wali umepoa na kuku wa sosi yuko vuguvugu. Chakula cha moto kinatakiwa kishikiliwe 60 au zaidi muda wote, chini ya hapo mpaka 4 ya friji ndio eneo ambalo bakteria wanazaliana kwa raha zao. Mimi kidude kilikuwa mfukoni. Nikachoma, 41. Mhudumu kaniona, marafiki wakageuza nyuso kama hawanijui, mmoja akahama meza kabisa. Tukaomba vya kutoka jikoni moja kwa moja, wakatuletea, vikawa vitamu tu, lakini kuanzia siku hiyo kidude kimepigwa marufuku kwenye matembezi ya kundi. Na kusema ukweli nawaelewa, hakuna anayetaka kutoka jioni amevaa vizuri halafu mwenzake anachoma choma vyakula.

Kitu ambacho sikutegemea ni kwamba kimenifanya niwaheshimu zaidi wapishi wa nje. Yule anayesimama kwenye jiko la kuchomea ana oda kumi mbele yake, anabonyeza steki kwa kidole anajua hii bado ile tayari, mi na sindano yangu napika vipande vitatu natoka jasho. Na kidari kikavu unacholetewa mara nyingi sio kwamba hawajui kupika, kimetoka motoni kikiwa sawa kabisa halafu kikakaa chini ya taa kinasubiri sahani za wenzako ziwe tayari, joto likaendelea kupanda. Ndio maana tukiwa kundi kubwa siagizi kidari. Naagiza kitu cha mchuzi au paja, hivyo vinavumilia kusubiri.

Sasa kile ambacho muuzaji hasemi: namba haikwambii ulaini. Nilichoma nyama ya muundi ikasoma 63, kwa usalama imepita, kwa meno hapana, utatafuna mpaka wageni waage. Vipande vyenye nyuzi ngumu vinataka vikae kwenye moto mdogo saa kadhaa, vifike 90 na kitu, ule ugumu ugeuke ule urojorojo mtamu unaofanya mchuzi ushike midomo. Pale sindano naitumia tofauti kabisa, sisomi namba, naangalia inavyoingia. Ikipenya bila kubishana imeiva, ikikwama bado. Ningeweza kufanya hivyohivyo kwa uma wa kawaida, na kwa mboga zote vilevile. Kwa hiyo kama jikoni kwako ni vyakula vya mchuzi wa kuchemka muda mrefu, hiki kidude kitalala kwenye droo, pesa yako nunulia sufuria nzito.

Matumizi mengine yapo, ya haraka haraka tu. Mafuta ya kukaangia yakiwa kati ya 175 na 190 viazi vinatoka vikavu nje, ukijaza vingi kwa mpigo mafuta yanashuka ghafla na viazi vinaanza kunywa mafuta, kuiona hiyo namba ikiporomoka ilinifundisha kukaanga kidogokidogo. Mkate ukisoma 93 hadi 96 katikati umeiva, hakuna tena kugongagonga chini. Kiporo kinapashwa mpaka 74. Kastadi ya mayai naitoa kwenye moto ikifika 80 hivi, nikichelewa kidogo inakatika vibongebonge.

Ya kunikera. Kwanza kifuniko cha betri, ni kidogo na kinateleza, na ile betri ya kitufe ni hatari kwa mtoto mdogo akiimeza, nashangaa wametengeneza mfuniko unaofunguka kwa kucha. Mi nimeufunga kwa gundi ya karatasi, sura imeharibika lakini silali na wasiwasi. Pili skrini inazima yenyewe baada ya muda mfupi, na mara nyingi ni pale ambapo mkono mmoja una koleo na mwingine una sahani. Tatu boksi linasema hakiingii maji, mi naosha sindano na sabuni na mpini nafuta kwa kitambaa tu, sitaki kujua kama wanasema kweli. Na taa ya skrini haina, sasa wale wa kuchoma nyama nje usiku mtatumia tochi ya simu.

Pia kipime kwanza kabla hujakiamini. Jaza glasi barafu iliyopondwa, weka maji kidogo tu ya kujaza mianya, koroga, subiri kidogo, choma katikati bila kugusa glasi, inatakiwa isome 0. Changu kilisoma 0.4, kwangu inatosha. Watu wengi wanapima kwa maji yanayochemka ila kumbuka hiyo 100 ni ya usawa wa bahari, kila ukipanda mita 300 inashuka kama digrii moja, kwa hiyo anayeishi mlimani atasema kibovu kumbe kizima.

Na msichanganye na ile bastola ya kupima joto kwa mwanga, inapima juu tu. Inafaa kujua kikaango cha chuma cheusi kimepata moto kiasi gani, ila ndani ya nyama haioni kitu, na kwenye sufuria linalong'aa inatoa namba za ajabu.

Rafiki yangu wa steki nyekundu naye kanunua, tena kile cha kuunganisha na simu nilichomkataza. Sindano inakaa ndani ya oveni, yeye yuko sebuleni anatazama mchoro wa joto unavyopanda na kututangazia kila baada ya dakika mbili, halafu simu ikapoteza mawasiliano kuku akiwa 68 tukaishia kukimbilia jikoni kwake na kile changu cha kukunja. Maoni ya hicho chake muulizeni mwenyewe, bado anakitetea.