MUNANA ya unga, NA-Fluor au NA-XTD: kipi kinunuliwe na maabara inayobuni dawa za influenza

Kikundi cha wanakemia kinachobuni molekuli za kuziba neuraminidezi ya kirusi cha influenza kinahitaji kipimo kimoja cha kuaminika kabla ya kitu kingine chochote. Kimeng'enya hiki ndicho kinachokata asidi ya sialiki, aina ya sukari, kwenye uso wa seli ili virusi wapya wajinasue na kwenda kuambukiza seli nyingine. Ukikiziba, virusi hubaki wamenata palepale walipozaliwa. Dawa za zanamivir na oseltamivir zinafanya kazi hiyo, na molekuli yoyote mpya ya aina yao itapimwa kwa kulinganishwa nazo.

Sokoni kuna njia tatu zinazofaa kujadiliwa. Ya kwanza ni MUNANA ya unga, yaani asidi ya sialiki iliyofungwa na rangi ya metilumbeliferoni: kimeng'enya kikiikata, rangi huachiwa na kuanza kung'aa. Unaimulika kwa mwanga wa nanomita 360 hivi na kusoma mng'ao karibu na 450. Ya pili ni NA-Fluor, yenye kemia ileile ila inakuja kwenye boksi pamoja na bafa (kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike) na kimiminika cha kusimamisha mmenyuko. Ya tatu ni NA-XTD, ambayo haitumii taa. Sabstreti yake, yaani molekuli inayokatwa na kimeng'enya, hutoa mwanga yenyewe baada ya kukatwa na kuongezewa kichochezi. Kwa maabara inayoanza na yenye fluorometa (mashine ya kusoma mng'ao) ya kawaida, nunua unga. Boksi la NA-Fluor linastahili bei yake pale tu ambapo watu wengi wanapokezana kazi na hakuna mtu mmoja anayesimamia bafa.

Bafa si kazi ngumu. MES, kemikali ya kutuliza pH, ya milimola 32.5, kloridi ya kalsiamu milimola 4, pH 6.5, basi. Kalsiamu isiachwe, kwa sababu neuraminidezi ya influenza huishikilia ili isilegee. Kwa sababu hiyohiyo usizimulie virusi kwa bafa ya fosfeti wala kuweka EDTA: fosfeti inaitupa kalsiamu chini kama chokaa na EDTA inaifunga. Mara nyingi mtu anapolalamika kwamba kimeng'enya chake kimekufa, kasoro iko kwenye bafa.

Kwenye sahani nyeusi ya visima 96 weka maikrolita 50 za virusi vilivyozimuliwa na maikrolita 50 za molekuli unayoipima, kisha acha dakika 45 kwenye joto la chumba. Ongeza maikrolita 50 za MUNANA ya maikromola 300, ili kisimani ibaki maikromola 100. Funika sahani, ingiza kwenye inkubeta ya nyuzi 37 kwa saa moja, halafu simamisha kwa maikrolita 100 za NaOH ya mola 0.14 iliyochanganywa kwenye ethanoli ya asilimia 83. Alkali hiyo ina kazi mbili. Inaua kimeng'enya, na pia inaipandisha pH juu ya 10, ambako metilumbeliferoni hung'aa kwa nguvu yake yote. Kwenye pH 6.5 sehemu kubwa ya rangi imelala. Tengeneza kimiminika hicho siku ya kazi, maana ethanoli hupotea hewani, na usome sahani mara tu baada ya kusimamisha.

Zile dakika 45 za mwanzo zisifupishwe. Oseltamivir na zanamivir hujifunga polepole kwenye tundu la kimeng'enya, na ukitia sabstreti pamoja na dawa kwa wakati mmoja, IC50 itatoka kubwa kuliko ilivyo. IC50 ni kiwango kinachokata nusu ya kazi ya kimeng'enya. Molekuli nzuri inaweza kutupwa kwa sababu tu fundi alikuwa na haraka.

Kiasi cha virusi ndicho kinachoharibu matokeo mengi zaidi. Kabla ya kupima dawa yoyote, zimua virusi mara mbilimbili kutoka kisima hadi kisima bila dawa, chora mng'ao dhidi ya uzimuaji, na uchague kiwango kilicho katikati ya sehemu iliyonyooka ya mchoro. Ukichagua juu, pale mstari unapolala, sabstreti inakaribia kwisha kabla ya saa moja, na dawa inayozuia nusu ya kimeng'enya itaonekana haijafanya lolote. Ukichagua chini mno, mng'ao wako utakuwa jirani na wa visima visivyo na virusi, na nukta zitaruka huku na kule. Rudia upimaji huu kwa kila kundi jipya la virusi. Kipimo cha jana hakiwezi kuazimwa kwa chupa ya leo.

Dawa za kulinganishia zinauzwa kwa majina yanayofanana, na hapo ndipo pesa hupotea. Oseltamivir fosfeti, ile iliyomo kwenye vidonge vya Tamiflu, haizibi kimeng'enya ipasavyo kwenye sahani, kwa kuwa ini ndilo huigeuza kuwa oseltamivir kaboksileti. Agiza kaboksileti. Kwa virusi vya A(H1N1) vya 2009 visivyo na usugu, IC50 yake huwa karibu na nanomola moja au chini yake. Vya aina B huwa juu zaidi. Ukipata maelfu ya nanomola kwa kirusi cha kawaida, soma tena kibandiko cha chupa. Kwa mazoezi ya wanafunzi DANA inatosha: inaziba kwenye viwango vya maikromola, na ndiyo molekuli mama ambayo watafiti wa Australia waliibadilisha kaboni yake ya nne kwa kuweka kundi la guanidini, wakapata zanamivir iliyochapishwa 1993. Badiliko hilo moja liliongeza mshiko kwa maelfu ya mara, kwa sababu guanidini inakutana na asidi amino mbili za kimeng'enya, glutamiki namba 119 na 227, zilizokaa zikiitazama.

Kipimo hiki kinamfaa mbunifu hasa anapokuwa na virusi viwili pembeni, kimoja cha kawaida na kingine chenye badiliko la H275Y. Oseltamivir ina mkia wa mafuta ambao unahitaji glutamiki 276 igeuke pembeni ili kijifuko kifunguke. Histidini 275 ikigeuka tirosini, glutamiki hiyo inazuiwa kugeuka vizuri, na IC50 ya oseltamivir inaruka hadi mamia ya nanomola huku ya zanamivir ikikaa palepale. Virusi vya H1N1 vya msimu vyenye badiliko hili vilianza kugunduliwa kwa wingi Norway, Januari 2008, kisha vikaenea duniani. Kwa hiyo molekuli yako mpya ikianguka kwenye H275Y kama oseltamivir, umeshaambiwa na sahani kwamba mkia wake unategemea kijifuko kilekile. Ufupishe, au ujenge mshiko upande wa guanidini. Taarifa ya namna hiyo kwa gharama ya sahani moja ni kitu cha thamani kubwa.

Katika kuripoti, tumia vigezo vya WHO. Kwa aina A, IC50 iliyopanda chini ya mara 10 dhidi ya kirusi cha marejeo ni uzuiaji wa kawaida, mara 10 hadi 100 ni uliopungua, zaidi ya 100 ni uliopungua sana. Kwa aina B mipaka ni 5 na 50. Namba za MUNANA zisichanganywe na za NA-XTD kwenye jedwali moja. IC50 hutofautiana kati ya njia hizi hata virusi na dawa vikiwa vilevile.

Wanaopima dondoo za mimea, kazi inayofanyika sana Afrika Mashariki, wachukue tahadhari ya ziada na MUNANA. Flavonoidi na tanini humeza mwanga wa nanomita 360 au kuuzima mng'ao wa rangi, na dondoo isiyogusa kimeng'enya kabisa itaonekana imekiziba kwa asilimia 80. Kuna pia kumarini zinazong'aa zenyewe na kuficha dawa ya kweli. Andaa safu ya visima isiyo na virusi, weka metilumbeliferoni huru pamoja na dondoo kwa kiwango cha juu kabisa, kisha ongeza kimiminika cha kusimamisha. Mng'ao ukipungua kwa zaidi ya asilimia 10, matokeo ya dondoo hiyo usiyaamini hadi uyarudie kwa njia nyingine. Hapa ndipo NA-XTD inapojipatia bei yake, kwa kuwa haitegemei taa, ingawa dondoo yenye rangi nzito bado inaweza kumeza mwanga unaotoka. Mwanga wake hudumu kwa saa kadhaa, tofauti na NA-Star iliyoitangulia ambayo mwanga wake ulififia ndani ya dakika chache na kulazimisha mashine yenye sindano.

Uhifadhi: MUNANA ikae nyuzi 20 chini ya sifuri, gizani, ikiwa imegawanywa kwenye vijichupa vya kutumia mara moja. Ikiyeyuka na kuganda mara kwa mara, inajikata yenyewe na mng'ao wa visima visivyo na virusi unapanda. Umeme ukikatika usiku kucha, soma visima hivyo kwanza kabla ya kupoteza virusi vyako.

Upungufu mkubwa wa njia zote tatu ni kwamba zinaona kimeng'enya kimoja tu. Baloxavir, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2018, inazuia sehemu ya PA ya polimerasi, kimeng'enya kinachonakili jeni za kirusi, na kwenye MUNANA itaonekana kama maji. Molekuli za kundi hilo zipimwe kwenye seli za MDCK (seli za figo ya mbwa) zenye tripsini ya TPCK, kimeng'enya kinachokisaidia kirusi kuingia kwenye seli, ya maikrogramu 1 hadi 2 kwa mililita, bila seramu kwa kuwa seramu huizima tripsini, na sumu kwa seli ipimwe sambamba kwenye seli zilezile. Kwa vizuizi vya neuraminidezi, MDCK za kawaida zinapotosha, kwa sababu vipokezi vyake havifanani na vya koo la binadamu. Chukua MDCK-SIAT1, zilizorekebishwa ili vipokezi vyake vifanane zaidi na vya binadamu, na hata hapo jedwali la MUNANA libaki ndilo la kwanza kusomwa.